Kasuku Mdogo wa Dukani Amefika Nyumbani Mgonjwa: Anza na Joto, Dawa Baadaye

Swali ni lile lile, na mara nyingi linaingia usiku: "Nimenunua ndege juzi, leo amejikunyata, manyoya yamesimama, hali kitu. Nimpe dawa gani?" Chini yake kuna picha yenye kiza ya kasuku mdogo wa kijani aliyekaa kwenye sakafu ya tundu. Nimejibu vipande vipande mpaka nimechoka, kwa hiyo leo nimeandika yote kwa mpangilio. Ukiniuliza tena nitakutumia hii.

Ninazungumzia hasa baji, wale kasuku wadogo wenye asili ya Australia wanaouzwa wawili wawili kwenye matundu ya waya. (Baji, si bajaji, ingawa wengi wao hufika nyumbani kwa bajaji.) Mengi ya humu yanafaa pia kwa cherero, ambao wauzaji huwaita lavubedi, na kwa kokateli. Chiriku na kanari wana mambo yao machache, nitayagusa yakifika.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Jozi yangu ya kwanza niliinunua Dar, dume wa buluu na jike wa kijani. Siku ya tatu jike akashuka kwenye kijiti, akakaa kwenye kona karibu na mbegu. Nilirudi dukani, nikapewa kipakiti cha antibayotiki ya kuku ya kuchanganya kwenye maji. Maji yakageuka njano. Jike akachovya mdomo mara moja, akatikisa kichwa, hakuyarudia tena. Usiku kucha feni ilikuwa inazunguka juu yake. Asubuhi nilipomwokota, mfupa wa kidari ulikuwa umechongoka kama mgongo wa kisu. Yule ndege hakuugua siku moja. Alikuwa anakonda tangu dukani, mimi nikammalizia kwa kiu na baridi.

Nadharia unayohitaji ni hii tu. Ndege huficha ugonjwa, kwa sababu porini anayeonekana mnyonge ndiye anayebebwa na kipanga. Ukiona amejikunyata, ujue ana siku kadhaa akiumwa. Na baji mzima ana gramu 30 hadi 40 hivi, hana akiba mwilini. Siku moja bila kula kwake ni kubwa sana.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Tundu dogo la pembeni, au hata boksi la plastiki lenye matundu ya hewa na wavu juu. Hili ndilo litakalokuwa wodi.
- Mzani wa jikoni wa kidijitali unaosoma gramu moja moja. Huu ndio muhimu kuliko vyote, na ndio ambao watu hawanunui.
- Taa ya kulelea vifaranga, ile nyekundu ya duka la dawa za mifugo, au balbu ya zamani ya nyuzi ya wati 60. Balbu za siku hizi za LED hazitoi joto la maana, usijidanganye nazo.
- Kipimajoto cha chumba.
- Chupa ya maji ya moto na kitambaa kizito, kwa ajili ya umeme ukikatika. Na utakatika.
- Magazeti au karatasi nyeupe ya kutandika chini.
- Suke la uwele, mbegu zile zile alizokuwa akila dukani, yai.
- Daftari.
- Namba ya daktari wa mifugo. Itafute leo, wakati ndege bado anaimba.

Kama bado hujamlipa muuzaji, uliza mambo matatu: amefika dukani lini, anakula nini, na amepewa dawa gani. Ukijibiwa "huyu yuko fiti tu, hana shida", simama mbali na tundu dakika kumi, umtazame akidhani hakuna mtu. Baji mzima hucheza, hupiga kelele, hula. Anayelala mchana kwa miguu yote miwili, manyoya yamevimba, ni mgonjwa. Mzima akisinzia hukunja mguu mmoja. Kumnunua kwa huruma sikukatazi, nimefanya hivyo mwenyewe zaidi ya mara moja, lakini nunua ukijua umenunua mgonjwa. Usimchanganye na wako.

Hatua ya 1: Mtenge

Muweke chumba kingine kabisa, si tundu lingine kwenye veranda ile ile. Vumbi la manyoya na kinyesi kikavu husafiri kwa upepo. Wahudumie ndege wako wazima kwanza, mgonjwa awe wa mwisho, kisha unawe mikono kwa sabuni. Vyombo vyake visichanganyike na vya wengine. Kama unafuga kuku uani, asikae karibu nao, wala kuku wasisogee kwake. Mdondo na ndui vina njia nyingi za kupita.

Swali linalofuata huwa: "Hatajisikia mpweke?" Ndiyo, kidogo. Muweke mahali anaposikia sauti za wenzake kwa mbali. Ila kama wawili wametoka tundu moja la dukani, wote wamekwisha kukutana na ugonjwa huo. Mzima naye mtazame kama mshukiwa, muweke karantini yake.

Hatua ya 2: Mpe joto

Ndege aliyevimbisha manyoya anajaribu kujifunika blanketi. Kila chembe ya nguvu inayokwenda kwenye kujipasha joto haiendi kwenye kupigana na ugonjwa. Lenga nyuzi 29 hadi 32 ndani ya tundu, usiku na mchana.

Funika pande tatu za tundu kwa shuka, acha mbele wazi. Weka taa nje ya tundu, upande mmoja tu, umbali ambao mkono wako ukiwekwa mahali pa ndege unasikia uvuguvugu na sio kuungua. Upande wa pili ubaki wa kawaida. Hili la upande mmoja ni la lazima, maana ndege lazima awe na pa kukimbilia joto likizidi. Akiachama mdomo na kutanua mabawa kidogo mbali na mwili, umezidisha. Sogeza taa nyuma.

Sasa tumia akili ya mahali ulipo. Dar au Mombasa mwezi wa pili saa nane mchana chumba kina nyuzi 31 tayari, taa ya nini? Zima feni, zima kiyoyozi, inatosha. Taa itahitajika alfajiri. Lakini ukiwa Mbeya, Arusha, Njombe au Nairobi mwezi wa saba, taa haizimwi. Mwanga mkali usiku unamnyima usingizi, ndiyo maana napendelea ile nyekundu.

Umeme ukikatika: jaza chupa maji ya moto, izungushie kitambaa, iegemeze nje ya tundu, badilisha kila inapopoa.

*Onyo.* Usilete jiko la mkaa chumbani, hata "kwa dakika tano tu". Hewa yake inaua mtu, sembuse kiumbe cha gramu 35 chenye mfumo wa kupumua unaovuta kila kilichomo hewani. Kwa sababu hiyo hiyo: hakuna udi wala ubani (najua ni Ijumaa, fukiza chumba kingine na ufunge mlango), hakuna dawa ya mbu ya koili wala ya kupuliza, hakuna sigara. Na kikaango kile cha rangi nyeusi kisichoshika chakula, kikisahaulika jikoni kikaungua kikavu, hutoa hewa inayoweza kuua ndege wote wa nyumba ndani ya muda mfupi. Watu huja kusema ndege wamekufa wote kwa pamoja "kwa mdondo". Waulize nani alikuwa anapika.

Hatua ya 3: Shusha chakula na maji

Mgonjwa hapandi. Toa vijiti vya juu, acha kimoja kilicho sentimita chache kutoka chini. Mbegu zitawanye kwenye karatasi alipokaa na nyingine ziwe kwenye kisahani. Suke la uwele lilaze mbele ya mdomo wake kabisa. Maji yawe kwenye kifuniko kifupi ambacho hawezi kuzama wala kujilowesha. Yai lililochemshwa na kupondwa ni zuri, ila liondoe baada ya saa mbili tatu, kwa joto lile linachacha.

Huu si wakati wa kumfundisha kula mchicha. Kama dukani alilelewa kwa uwele mtupu, mpe uwele. Lishe bora itakuja akipona.

*Onyo.* Usimmiminie maji wala uji mdomoni kwa sirinji au kwa kijiti. Tundu la kupumulia la ndege liko nyuma tu ya ulimi, na tone likiingia njia hiyo umemzamisha akiwa mkononi mwako. Kulisha kwa mrija hadi kwenye gole, ule mfuko wa chakula wa shingoni, kunafanywa na aliyefundishwa. Mchanga na kokoto ndogo pia viondoe. Mgonjwa huweza kuvila kupita kiasi vikamziba, na baji humenya mbegu zake, kwa hiyo hana haja navyo kama kuku.

Hatua ya 4: Mpime

Kila asubuhi, kabla hajala, saa ile ile. Weka bakuli la plastiki kwenye mzani, rudisha sifuri, muweke ndege, funika kwa mkono sekunde mbili, soma, andika. Usikadirie kwa macho, manyoya yanadanganya. Baji aliyevimba kama mpira anaweza kuwa na gramu 25.

Akipoteza asilimia kumi ya uzito wake, yaani gramu tatu au nne tu kwa baji, hiyo ni dharura hata kama anachangamka. Na uzito ukianza kupanda gramu moja moja, unaweza kulala.

Wakati wa kumpima pitisha ncha ya kidole kwenye kidari. Mzima ana nyama ya mviringo pande zote mbili na mfupa unausikia kwa mbali. Mfupa ukitokeza kama ukingo wa panga, amekonda kwa wiki kadhaa, si tangu jana.

Namna ya kumshika: kitambaa chepesi, kichwa katikati ya kidole cha shahada na cha kati, mwili umelala kiganjani bila kubanwa. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama chetu. Hupumua kwa kusukuma kidari nje na ndani. Ukimbana kidari, umeziba pumzi. Mtoto asimshike mgonjwa.

Hatua ya 5: Soma karatasi

Badilisha gazeti kila asubuhi na jioni, na kabla ya kulitupa, litazame. Kinyesi cha ndege kina sehemu tatu: kile kigumu kilichojikunja, cha kijani au kahawia, kile cheupe kama chokaa, na maji maji safi pembeni. Sehemu zote tatu zinasema kitu.

Mbegu nzima nzima ndani ya kinyesi, wakati ndege anakula sana na bado anakonda: hapa fikiria fangasi wa tumbo ambaye wafugaji wa zamani walimwita megabakteria, jina lenye makosa kwani si bakteria. Ni wa kawaida mno kwa baji. Antibayotiki haimgusi hata kidogo, dawa yake ni ya fangasi. Nadhani nusu ya maji ya njano yanayotengenezwa kwenye kopo za baji yanapotea kwa huyu.

Sehemu nyeupe ikigeuka njano au kijani kibichi, ini lina shida, na ugonjwa wa kwanza wa kufikiria kwa kasuku ni homa ya kasuku, ambayo nitaieleza chini kwa sababu inakuhusu hata wewe. Maji mengi bila kinyesi kigumu mara nyingi maana yake hali chochote. Kinyesi cheusi kama lami ni damu iliyotoka juu tumboni. Kumbuka tu kwamba hofu ya safari humfanya ndege yeyote aharishe maji saa chache, na karoti hugeuza rangi. Usihukumu kwa tone moja.

Hatua ya 6: Mkague kwa macho

Mkia unapanda na kushuka kila anapopumua? Anaumia kifua, muone daktari leo hii. Matundu ya pua yamegandamana? Manyoya ya kichwa yananata, kama aliyemwagiwa uji? Huyo anatapika, na kwa baji mara nyingi ni vijidudu vya gole au yule fangasi. Dume anayetikisa kichwa na kulisha kioo au mwenzake kwa upole ni jambo tofauti, hayo ni mapenzi.

Ukoko mweupe kama sifongo kuzunguka mdomo, macho na miguu ni utitiri wa uso. Unaonekana wa kutisha lakini ndio ugonjwa ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu unatibika vizuri: daktari huweka tone la ivemektini kwenye ngozi, hurudia baada ya siku kadhaa, na ndani ya wiki chache uso unarudi.

Kama ni kanari au chiriku na usiku unasikia "tik, tik" anapopumua, wako utitiri wanaoishi ndani ya njia ya hewa. Naye ni kwa daktari.

Utitiri wekundu wa kwenye tundu hawaonekani mchana. Funika tundu kwa kitambaa cheupe usiku, kesho alfajiri kikague. Vijidoa vyekundu vinavyotembea ndivyo.

Hatua ya 7: Nenda kwa daktari, na uende na namba

Madaktari wengi wa mifugo wetu siku nzima wako na ng'ombe, kuku na mbwa, na baadhi watakuambia bila kuficha kwamba hawajawahi kutibu baji. Hilo lisikukatishe tamaa. Mpe alicho nacho mgonjwa wako: uzito wa kila siku, picha za kinyesi, kinyesi kibichi cha asubuhi ile kwenye kikopo safi, jina la kila dawa aliyopewa dukani. Omba kinyesi kipimwe kwa hadubini. Ni kipimo rahisi, na ndicho kinachotenganisha fangasi, vijidudu na minyoo.

Walio Morogoro wanayo hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Dar kuna Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, Temeke. Nairobi, madaktari wa wanyama husomea Kabete, na huko ndiko pa kuanzia kuulizia. Piga simu kwanza.

Msafirishe kwenye boksi dogo lenye giza, kitambaa chini, si kwenye tundu wazi linalopigwa upepo wa barabarani.

Hatua ya 8: Dawa, na hesabu yake

Hapa ndipo ndege wengi wanapouawa na watu wanaowapenda. Tuseme dawa fulani dozi yake ni miligramu 25 kwa kila kilo. Baji wako ana gramu 35, yaani kilo 0.035. Zidisha: miligramu 0.875. Kapsuli moja ya miligramu 100 ina zaidi ya dozi mia moja za ndege huyo. Ncha ya kisu uliyokadiria kwa jicho ni dozi ngapi? Hujui, na mimi sijui.

Unga wa kuku wa kuchanganya kwenye lita ya maji umepigiwa hesabu ya kuku anayekunywa maji kwa kiasi cha kuku. Baji kwa siku hunywa kama kijiko kimoja cha chai, na akiumwa hunywa pungufu, na maji yakiwa machungu hanywi kabisa. Ndiyo maana dawa ya kuingia mdomoni kwa tone, iliyopimwa na daktari, au sindano, hushinda dawa ya kwenye kopo.

Mambo mengine ya kushika:

1. Maliza siku zote ulizoandikiwa. Kwa homa ya kasuku, doksisaiklini hutolewa kwa kawaida siku 45. Ndege ataimba tangu wiki ya kwanza, wewe endelea.
2. Wakati wa doksisaiklini, toa kwenye tundu mfupa wa dome na kila chokaa. Kalisi (kalsiamu) iliyomo humo huishika dawa tumboni isiingie mwilini.
3. Tone linawekwa pembeni mwa mdomo, kidogo kidogo, ukimsubiri ameze, kichwa kikiwa juu.
4. Ivemektini ya ng'ombe usiiguse mwenyewe. Tone moja lisilopunguzwa linatosha kummaliza.
5. Usichanganye dawa mbili kwa sababu ya kwanza "inachelewa".

Na dawa zetu za nyumbani? Mshubiri na mwarobaini nimekua nikiona vikiwekwa kwenye maji ya kuku, pilipili pia. Sitabishana na bibi yako. Ila kwa baji matokeo ni yale yale ya maji ya njano: ladha inamfukuza kwenye maji, na kiu inamuua kabla ugonjwa haujamaliza kazi. Mafuta ya taa ya kupaka kwa ajili ya utitiri ni sumu, moja kwa moja. Unga wa kuua wadudu wa mbwa vile vile. Mafuta ya nazi au ya mgando kwenye manyoya humgandisha ashindwe kujipasha joto.

Hatua ya 9: Mrudishe taratibu

Akianza kula kwa nguvu, uzito ukapanda siku tano mfululizo na manyoya yakalala, punguza joto nyuzi moja au mbili kwa siku. Usizime taa ghafla. Rudisha vijiti kimoja kimoja. Ndipo sasa mchicha, matembele na karoti iliyokunwa vianze kuonekana, vikining'inizwa asubuhi akiwa na njaa. Uwele mtupu mwaka mzima humkosesha vitamini A, na ndege wa hivyo hushikwa mafua kila mara. Parachichi kamwe. Chokoleti, kahawa na vyakula vya chumvi pia.

Karantini yake, hata akipona kabla, iwe siku 30 hadi 45 tangu alipoingia nyumbani. Najua unataka kuwaona pamoja. Subiri.

Tundu la zamani lioshe kwa sabuni kwanza, kisha jiki, vijiko viwili vikubwa kwa lita ya maji, acha dakika kumi, suuza mpaka harufu iishe, anika juani. Vijiti vya mbao vitupe, miti iko. Jiki usiichanganye na dawa ya kusafishia choo.

Na wewe mwenyewe

Homa ya kasuku inaambukiza watu, kupitia vumbi la kinyesi na majimaji ya ndege. Mwaka 1929 na 1930 ilizuka katika nchi kadhaa kwa pamoja, ikisafiri na kasuku waliouzwa kutoka Amerika Kusini. Kwa mtu huja kama homa, kichwa kikali, mwili kuuma na kikohozi kikavu, kwa kawaida ndani ya wiki mbili tangu uvute vumbi. Yaani inafanana na malaria. Utapimwa malaria hakuna, utapimwa taifodi hakuna, utarudi nyumbani na dawa za maumivu. Mwambie daktari kwa mdomo wako: "Nyumbani nina kasuku mgonjwa." Sentensi hiyo inabadilisha anachotafuta, na ikijulikana mapema inatibika.

Lowesha gazeti kwa maji kabla ya kulikunja, usifagie kinyesi kikavu, vaa barakoa. Mjamzito, mtoto mchanga na mtu mwenye kinga dhaifu wasihudumie tundu la mgonjwa.

Ukikwama

*Jike amekaa chini, anajikamua, tumbo limevimba nyuma.* Huenda yai limekwama. Jike utamjua kwa ngozi ya juu ya mdomo, ni ya kahawia, ya dume ni buluu. Ongeza joto hadi 32, weka taulo lenye unyevunyevu wa vuguvugu karibu, na uende kwa daktari siku hiyo hiyo. Usilibonyeze tumbo, yai likivunjika ndani umempoteza.

*Anatafuna muda wote lakini uzito unashuka.* Tazama kama anameza. Wengine humenya mbegu na kuziacha zidondoke. Puliza maganda kwenye kisahani uone kilichobaki. Kama anameza kweli, rudi Hatua ya 5, kwenye habari ya fangasi.

*Manyoya yanadondoka au yanaota yakiwa yamepinda.* Kumwaga manyoya machache mwilini mzima ni kawaida ya kujibadilisha. Yakianguka ya mabawa na mkia kwa ndege mchanga asiyeweza kuruka, kuna virusi vya manyoya ambavyo havina dawa. Mtenge moja kwa moja, usimuuze, usimpe rafiki.

*Muuzaji amekataa kumpokea.* Kumrudisha dukani mgonjwa, kwa maoni yangu, ni kumpeleka akaambukize wengine. Rudisha taarifa: picha, uzito wa siku ya kwanza, jibu la daktari. Wapo wauzaji wanaosikiliza wakionyeshwa karatasi.

*Ndege aliuzwa kama wa kufugwa lakini anajigonga kwenye waya akikuona, na mabawa yamekatika-katika.* Yawezekana ametegwa porini, hasa cherero, ambao kaskazini mwa Tanzania ndiko kwao. Huyo ana hofu pamoja na ugonjwa, funika tundu lote isipokuwa upande mmoja. Kumiliki ndege wa porini bila kibali ni kosa la jinai, Tanzania na Kenya pia, kwa hiyo uliza ofisi ya wanyamapori kabla hujaulizwa.

*Daktari yuko mbali, ni usiku, anapumua kwa shida.* Joto, giza nusu, utulivu, chakula karibu, usimshike. Huwezi kufanya zaidi ya hapo, na kila utakachoongeza usiku huo kina nafasi kubwa ya kumuumiza.

*Amekufa.* Mlowanishe manyoya kwa maji yenye sabuni ili vumbi lisiruke, umtie kwenye mifuko miwili ya plastiki iliyofungwa. Kama una ndege wengine na unataka kujua kilichomuua, mfuko uingie kwenye kopo lenye kifuniko, kopo liingie kwenye friji mbali na chakula, sehemu ya baridi ya kawaida na si ya barafu, maana kuganda huharibu nyama ya kupima. Mfikishe maabara ndani ya saa 24. Kama hutaki kumpima, mzike futi mbili chini, paka wa jirani asimfikie.